Chaja ya sumaku ya MRI: Swali ambalo Mbinga na Nyasa ziulize mapema

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

MTU anayeshuka kutoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay huacha nyuma baridi ya milima ya Wamatengo na kuingia katika joto la ziwa ndani ya kilomita zipatazo 66. Njiani huona pia nguzo za umeme katika maeneo ambayo miaka michache iliyopita yalijua kibatari, sola na jenereta tu.

Umeme ukifika, maombi ya wananchi hubadilika. Enzi za jenereta watu waliomba taa ya wadi ya wazazi na friji ya chanjo. Leo wanasikia kwamba mashine za CT-Scan zimepelekwa katika hospitali za rufaa za mikoa, na si ajabu mtu wa Mbinga au Liuli akiuliza: MRI je, itafika lini?

Ni swali la haki. Hakuna mashine hiyo Mbinga wala Nyasa, na kutoka Songea hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900 za barabara. Kwa mgonjwa wa uti wa mgongo au wa ubongo, safari hiyo pekee ni adhabu.

Lakini kabla ya kuuliza italetwa lini, kuna swali jingine ambalo halisikiki katika hotuba za uzinduzi. Ndani ya mashine nyingi za MRI mna sumaku ambayo lazima ichajiwe, na hatima ya mashine hiyo katika mkoa wa pembezoni hutegemea sana nani ameshika chaja yake.

Sumaku yenyewe si kile kipande cha chuma tulichochezea shuleni. Ni mzingo wa waya mrefu wa mchanganyiko wa niobiamu na titaniamu, unaopoozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika chenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo waya huacha kabisa kuuzuia umeme. Tabia hii iligunduliwa mwaka 1911 na mwanasayansi wa Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes, alipokuwa akiipima zebaki katika maabara yake mjini Leiden. Waya wa namna hiyo huitwa supakondakta.

Mashine ikishafungwa hospitalini, fundi huja na chaja. Kwa umbo haitishi. Ni kama kabati linalosukumwa kwa magurudumu. Ajabu yake iko katika aina ya umeme inaoutoa. Soketi ya nyumbani ina volti 230, na pasi ya umeme hutumia ampea chache tu. Chaja ya sumaku hufanya kinyume: volti chache, mara nyingi zisizofika 10, lakini ampea 400, 500 na hata zaidi, kupitia nyaya nene kuliko kidole gumba.

Volti ni chache kwa sababu waya hauna upinzani. Hakuna cha kusukumwa. Kazi ya volti ni kuuongeza mkondo tu. Na mzingo mkubwa kama huo hukataa mkondo wake ubadilike ghafla, mithili ya lori la kahawa lililojaa linavyokataa kuondoka kwa kasi mlimani. Chukua sumaku ya tesla 1.5 inayohitaji ampea 500. Ikipewa volti 5, mkondo hupanda taratibu na kufika kiwango chake baada ya dakika kama 45. Fundi mwangalifu huenda polepole zaidi ya hapo, tena huku akitazama joto na kiasi cha heliamu kila hatua.

Mkondo ukifika, hufungwa swichi iliyofichwa ndani ya ile baridi. Swichi hiyo nayo ni kipande cha supakondakta chenye hita ndogo. Hita ikiwaka, kipande hicho huwa kizuizi na umeme wa chaja huingia kwenye sumaku. Hita ikizimwa, kipande hupoa na kuufunga mduara. Chaja hushushwa hadi sifuri, huchomolewa, na huondoka na fundi wake. Mkondo unabaki ukizunguka peke yake mwaka baada ya mwaka, ukipungua kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya milioni kumi kwa saa.

Hapa kuna hesabu ambayo msomaji mwenye mita ya LUKU ataielewa mara moja. Nishati yote iliyohifadhiwa katika sumaku ya aina hiyo ni kama megajuli 3 na nusu. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Kwa maneno mengine, sumaku inayompiga picha mtu mzima kuanzia utosini hadi unyayoni hujazwa kwa takriban uniti moja, ambayo kwa mteja wa kawaida wa TANESCO ni kama sh350.

Kwa hiyo asitokee mtu akasema Ruvuma haina umeme wa kuchaji sumaku. Unao, tena jenereta la duka lingetosha.

Gharama iko kwenye baridi. Ili heliamu isichemke, kompresa ya mtambo wa kupooza hufanya kazi usiku na mchana, hata siku ambazo hakuna mgonjwa hata mmoja. Kompresa hiyo hula kilowati kama 7. Kwa siku ni uniti 168. Kwa mwaka ni zaidi ya uniti 61,000, na kwa bei ile ile ya sh350 ni zaidi ya sh21 milioni. Hapo hujahesabu kiyoyozi cha chumba, maji ya kupoozea kompresa, wala umeme wa kupiga picha zenyewe.

Umeme ukikatika, kompresa husimama na joto huanza kupenya. Sumaku za zamani, zenye heliamu ya lita 1,500 hivi, huweza kuvumilia siku kadhaa huku gesi ikitoka kidogo kidogo. Heliamu ikipungua kupita kiasi, sehemu ya waya hupata joto, hupoteza sifa yake ya supakondakta, na nishati yote hugeuka joto kwa sekunde chache. Lita moja ya heliamu iliyo kimiminika hutoa zaidi ya lita 700 za gesi, na ndiyo maana kila chumba cha MRI cha aina hiyo huwa na bomba kubwa la kuitoa nje. Baada ya hapo sumaku imekufa hadi ijazwe heliamu upya, ipoe, na ichajiwe tena.

Hatua hiyo ya kuchaji ndiyo ya hatari kuliko zote, hata kwa matajiri wa dunia. Septemba 19, 2008, wanasayansi wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walikuwa wakipandisha mkondo katika sumaku za mtambo wao mkubwa kuelekea ampea 9,300. Ulipofika ampea 8,700 kiungo kimoja cha waya kati ya sumaku mbili kilishindwa. Tani zipatazo 6 za heliamu zilivuja, na mtambo ulikaa zaidi ya mwaka bila kazi. Kama CERN yenye mafundi mlangoni ilisubiri hadi Novemba 2009, hospitali inayoagiza fundi na chaja kutoka ng'ambo itasubiri hadi lini?

Sasa turudi kwenye umeme wa Ruvuma. Hadi mwaka 2018 mkoa huu haukuwa kwenye gridi ya taifa. Songea na Mbinga ziliwaka kwa mitambo ya dizeli ya TANESCO ikisaidiwa na mitambo midogo ya maji. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila katika Mto Ruvuma, megawati 5, ulioanza kuuza umeme kwa shirika hilo mwaka 2015. Mbinga nayo ilipata mtambo mdogo wa kampuni ya Andoya katika Mto Mbangamao. Kuna kejeli kidogo hapo, kwa kuwa makaa ya mawe ya Ngaka yaliyoanza kuchimbwa wilayani Mbinga mwaka 2011 yalipanda malori kwenda kwingine, na kituo cha umeme kilichozungumzwa sana hakikujengwa.

Mwaka 2018 ndipo njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea, urefu wa kilomita zipatazo 250, kwa fedha za Tanzania na Sweden. Kutoka Songea umeme ulisukumwa Mbinga kwa njia za usambazaji za kilovoti 33. Majenereta ya dizeli yalinyamaza, na hayo ni maendeleo ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeyabeza.

Na umeme wenyewe sasa upo. Bwawa la Julius Nyerere lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025, jumla megawati 2,115. Tatizo la maeneo ya mwisho wa gridi ni urefu wa njia. Kila kilomita ya waya porini ni mti unaoweza kuanguka au radi inayoweza kupiga, na hitilafu ya mbali hufika hadi kwako. Aprili 1, 2024 hitilafu katika gridi iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani kwa saa kadhaa. Mteja wa nyumbani alikosa feni. Kompresa ya MRI isiyo na jenereta la kuaminika ilianza kuhesabu.

Wenye kumbukumbu hawajasahau kilichotokea Muhimbili. Novemba 9, 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais wa Awamu ya Tano, hayati John Magufuli, aliingia hospitalini hapo bila kutarajiwa na kukuta MRI na CT-Scan hazifanyi kazi kwa karibu miezi miwili. Uongozi ulibadilishwa siku hiyo hiyo na fedha za matengenezo zikatafutwa kwa haraka. Hiyo ilikuwa hospitali ya taifa, kwenye jiji lenye uwanja wa ndege wa kimataifa, na ilihitaji Rais mwenyewe. Hospitali ya wilaya haina bahati ya kutembelewa namna hiyo kila mashine inapozima.

Je, watu wa Nyasa wakae bila matumaini? Jibu la kwanza liko ng'ambo ya maji yao wenyewe.

Mwaka 2008 Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilianza kutumia MRI iliyopatikana kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan cha Marekani. Haikuwa ya tesla 1.5. Ilikuwa ya tesla 0.35, yenye sumaku ya kudumu, yaani sumaku ya asili ya metali isiyohitaji heliamu, isiyohitaji kompresa ya saa 24, na isiyochajiwa kamwe. Umeme ukikatika, sumaku hiyo haijui.

Wataalamu wangeweza kuiita mashine duni. Kwa mashine hiyo hiyo kikundi cha Dk. Terrie Taylor kilipiga picha za ubongo za watoto 168 waliolazwa kwa malaria ya ubongo na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Watoto 25 kati yao walifariki, na 21 kati ya hao picha zao za kwanza zilionyesha ubongo uliovimba vibaya. Kabla ya hapo madaktari walibishana kwa miaka mingi kuhusu kinachowaua watoto hawa. Picha zilionyesha ubongo unaokosa nafasi ndani ya fuvu na kukandamiza sehemu inayoongoza pumzi, jambo lililoelekeza utafiti kwenye mashine za kusaidia kupumua na namna ya kupunguza uvimbe.

Mtoto wa Lituhi au Chiwanda anaumwa na mbu wale wale. Kwa mwambao ambao malaria si habari ya vitabuni, utafiti ule unatuhusu kuliko mashine nyingi zinazong'aa katika vipeperushi vya wauzaji.

Tangu wakati huo sumaku za kudumu zimekuwa ndogo zaidi. Mashine ya Swoop ya kampuni ya Hyperfine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ina tesla 0.064, husukumwa hadi kando ya kitanda na huchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Blantyre imeitumia nayo, na uzoefu wake umechapishwa. Uganda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, akiwamo Dk. Johnes Obungoloch, kwa kushirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha wenyewe MRI ya sumaku za kudumu kutoka vipande vilivyosafirishwa, kwa siku 11. Shabaha yao kubwa ni watoto wenye vichwa vikubwa.

Tusidanganyane, picha za mashine hizi ni hafifu. Zinaweza kuonyesha maji yaliyojaa kichwani, uvimbe au damu nyingi. Hazitaonyesha kila mshipa wa goti la mwanamichezo. Lakini daktari wa Mbinga anayetaka kujua kama mtoto aliye mbele yake apelekwe Songea usiku huu au asubiri, anahitaji jibu hilo la kwanza.

Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba mikoa ya pembezoni isipewe vya daraja la pili kila siku. Hapo ndipo sumaku za kizazi kipya zinapoingia. Mwaka 2018 kampuni ya Philips ilitoa sumaku ya tesla 1.5 iliyofungwa moja kwa moja, yenye lita 7 tu za heliamu, isiyohitaji kuongezwa wala bomba la kutolea gesi. Baadhi ya sumaku za kizazi hiki zinaweza kushushwa mkondo na kupandishwa tena zikiwa palepale hospitalini, bila kusubiri chaja ya kukodi ivuke bahari.

Faida hiyo ina upande wa pili. Heliamu kidogo ina maana ya akiba kidogo ya baridi. Sumaku ya zamani ilihesabu siku. Hii mpya huhesabu saa. Ikikosa umeme usiku kucha itashuka mkondo, na asubuhi kazi ya kuipooza na kuichaji inaanza upya. Haijaharibika, lakini wagonjwa waliosafiri kutoka Tunduru wanakaa kwenye benchi.

Pengine msomaji anajiuliza kwa nini tuhangaikie heliamu ilhali tunayo. Ni kweli mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa gesi hiyo katika bonde la Rukwa, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilitoa heliamu hadi juu ya ardhi. Rukwa na Nyasa ni ndugu wa bonde moja la ufa. Hata hivyo, kutoka gesi ya kisimani hadi kimiminika cha nyuzi 269 chini ya sifuri kuna kiwanda cha mabilioni katikati. Qatar ilipowekewa vikwazo na majirani zake mwaka 2017, dunia nzima ilihaha kwa heliamu, kwa kuwa inayosafishwa hutoka katika nchi chache mno. Rukwa inaweza kulibadilisha hilo siku moja, ila siyo katika bajeti ya halmashauri ya mwaka ujao.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Mbinga na Nyasa zianze na sumaku ya kudumu, na sumaku ya supakondakta ikija mkoani ikae Songea, karibu na kituo cha gridi. Na itakapotangazwa zabuni yake, wajumbe wa bodi waache kwanza kuuliza ina tesla ngapi. Waulize chaja ni mali ya nani, na inalala wapi. Ikiwa jibu ni kwamba chaja iko kwenye ghala la wakala nje ya nchi na huja kwa ombi, basi bei iliyoandikwa kwenye zabuni si bei halisi. Ongeza nauli, forodha, heliamu na miezi ya kusubiri.

Waulize pia kompresa inaunganishwa na nini. Jenereta la hospitali hutegemea mtu wa kuliwasha na dizeli ya kulijaza, na kila aliyewahi kulaza mgonjwa hospitali ya serikali anajua kipi kati ya viwili hivyo hukosekana. Sola yenye betri za kutosha kilowati 7 kwa usiku mmoja si ndoto tena. Saa 12 za kompresa ni uniti 84.

Kuna na mafundi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha hufundisha uhandisi wa vifaa tiba. Mkataba unaweza kumlazimisha muuzaji awapeleke vijana wawili wa aina hiyo kiwandani, wafundishwe kuishusha sumaku na kuipandisha, kisha wapewe ajira Songea na si Dar es Salaam.

Linabaki swali la TANESCO. Njia ya Makambako inapopata hitilafu, maji ya Mto Ruvuma huendelea kushuka Tulila kama kawaida. Mtambo mdogo uliounganishwa na gridi kwa kawaida hujizima pamoja nayo kwa usalama, isipokuwa umewekewa mitambo ya kujitenga na kulisha eneo lake. Megawati 5 haziwezi kuuwasha mkoa mzima, lakini kompresa moja ya kilowati 7, pamoja na chumba cha upasuaji na mtambo wa oksijeni, ni sehemu ndogo sana ya uwezo huo. Shirika lieleze kama jambo hilo linawezekana Songea, na kwa gharama gani, kabla sumaku ya kwanza haijapakuliwa kutoka kwenye kontena.